Kubaguliwa Ujerumani kwa Sababu ya Mwelekeo wa Kijinsia: Namna ya Kudai Haki Yako, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale, na huulizwa kwa hofu ileile. Msimamizi wa zamu ananiita shoga mbele ya wagonjwa, je, sheria inamruhusu? Mwenye nyumba alitukubalia kwa simu, lakini alipotuona kuwa ni wanaume wawili akasema nyumba imeshachukuliwa, tufanye nini? Nikimshtaki mwajiri, nitanyang'anywa kibali cha kuishi? Nyumbani watajua? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayeishi, unayesoma au unayefanya kazi Ujerumani, uwe umetoka Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi, ukabaguliwa kwa sababu unampenda mtu wa jinsia yako au kwa sababu watu wanakudhania hivyo. Sehemu kubwa inahusu kazi, kwa kuwa huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Baada ya hapo nitagusa nyumba, kisha matusi na vipigo.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: sheria ya Ujerumani inakulinda kweli, lakini inakupa muda mfupi sana wa kuitumia. Watu wenye hoja nzuri kabisa hupoteza haki yao kwa kuchelewa wiki moja au mbili, na ndiyo maana utaona tarehe zikitajwa tena na tena katika kurasa hizi.

Sheria yenyewe kwa ufupi

Sheria unayoitegemea inaitwa Allgemeines Gleichbehandlungsgesetz, na kila mtu huiita AGG. Ilianza kutumika tarehe 18 Agosti 2006. Inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya rangi au asili ya kabila lake, jinsia, dini au imani, ulemavu, umri na mwelekeo wa kijinsia. Haiulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Inamlinda mwajiriwa, mwanafunzi wa mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung, mtu aliyeomba kazi akakataliwa, na hata aliyekwisha kuondoka kazini.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kina maneno yenye faida kubwa kwako: ubaguzi umekatazwa hata pale anayebagua anapodhani tu kwamba mtu ana sifa fulani. Maana yake ni kwamba huna wajibu wa kumthibitishia mtu yeyote, awe mwajiri, mshauri au hakimu, kwamba wewe ni mpenzi wa jinsia moja. Unachopaswa kueleza ni jinsi ulivyotendewa na sababu iliyotajwa au iliyojionyesha. Anayeogopa kulitamka jambo lake mbele ya watu asome sentensi hizi mara mbili.

Kuhusu ndoa, watu wa jinsia moja wanaweza kuoana Ujerumani tangu tarehe 1 Oktoba 2017, na kabla ya hapo, tangu 2001, waliweza kusajili ushirika wa maisha. Posho, pensheni ya mjane au likizo ambayo mwajiri huwapa wenye ndoa lazima ampe na mwanamume aliyeoa mwanamume. Mahakama ya Katiba iliyopo Karlsruhe ililiweka wazi suala la pensheni za warithi tangu tarehe 7 Julai 2009, wakati huo kwa walio katika ushirika uliosajiliwa.

Msomaji anayetoka nchi ambayo sheria ya jinai ingali inawatishia kifungo wapenzi wa jinsia moja huwa anahofia kwamba ulinzi huu ni wa karatasi tu. Hofu hiyo inaeleweka. Ni vizuri ajue kwamba Ujerumani nayo iliwafunga wanaume kwa kifungu cha 175 cha sheria yake ya jinai, kilichodumu tangu 1872 na kufutwa kabisa mwaka 1994, na kwamba mwaka 2017 Bunge lilizifuta hukumu za baada ya vita na kuwatengea waliohukumiwa fidia ya yuro 3,000 kwa kila hukumu, pamoja na yuro 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo ulioanza kutumikiwa. Haki hizi zilipiganiwa na watu walioumia, na zipo ili zitumike.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andaa daftari moja la kumbukumbu, la karatasi, litakalokaa nyumbani kwako na si kazini. Tafuta nakala ya mkataba wako wa kazi, hati za mshahara za miezi 3 ya mwisho, na kila barua uliyopokea kutoka kwa mwajiri pamoja na bahasha zake, kwa sababu tarehe ya kupokea barua ina uzito mkubwa kuliko tarehe iliyoandikwa juu yake. Uwe na anwani ya barua pepe ya binafsi, tofauti na ile ya kazini, ambayo mwajiri anaweza kuifunga siku atakayokuachisha.

Tafuta pia mtu mmoja unayemwamini anayejua Kijerumani vizuri. Asiwe ndugu wala jirani wa kutoka nyumbani ikiwa hujawaeleza habari zako. Mashirika ya ushauri yanaweza kukupatia mkalimani au kuzungumza nawe kwa Kiingereza au Kifaransa, na ni heri usubiri siku mbili upate mgeni kuliko kumpa siri yako mtu atakayeitembeza kwenye makundi ya WhatsApp.

Ikiwa wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama ver.di au IG Metall, tafuta kadi yako ya uanachama, kwa kuwa vyama hivi huwapa wanachama wake msaada wa kisheria katika mashauri ya kazi.

Hatua za kufuata kazini

1. Andika kilichotokea siku hiyohiyo. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, katika lugha iliyotumika, majina ya waliokuwepo, na ulichojibu wewe. Usiandike "alinidhalilisha", andika alichosema. Usafi wa lugha haukusaidii hapa: kama alitumia tusi chafu, liandike tusi hilo herufi kwa herufi. Endelea kuandika kila tukio jipya, hata lile linaloonekana dogo, maana unyanyasaji mara nyingi huundwa na mambo madogo yanayorudiwa hadi mahali pa kazi panageuka kuwa pa uadui, na hali hiyo ndiyo AGG inayoielezea katika kifungu cha 3.

2. Hesabu tarehe zako. Fanya hivi kabla hata ya kumtafuta mshauri. Kuna muda wa aina tatu, na watu huuchanganya.

Wa kwanza ni wiki 3. Ukiachishwa kazi kwa barua, una wiki 3 tangu siku uliyoipokea kuipinga katika Mahakama ya Kazi, yaani Arbeitsgericht. Ukikaa kimya, kuachishwa huko huhesabiwa kuwa halali hata kama sababu yake ilikuwa ya kibaguzi.

Wa pili ni miezi 2. Ndani ya muda huo unapaswa kumwandikia mwajiri kudai fidia chini ya kifungu cha 15 cha AGG. Kwa aliyeomba kazi akanyimwa, muda huanza siku alipopokea jibu la kukataliwa; kwa wengine huanza siku walipojua kuhusu tendo la ubaguzi.

Wa tatu ni miezi 3, unaoanza pale ulipotoa dai lako la maandishi. Mwajiri asipolipa, una miezi hiyo 3 kufungua shauri la fidia.

Chukua mfano. Umepokea barua ya kuachishwa tarehe 10 Machi, na mazungumzo yaliyotangulia yalionyesha kwamba sababu ni uhusiano wako na mwenzako. Shauri la kupinga kuachishwa lazima liwe limefika mahakamani ifikapo tarehe 31 Machi. Barua ya kudai fidia lazima iwe mkononi mwa mwajiri ifikapo tarehe 10 Mei. Ukiipeleka tarehe 20 Aprili, shauri la fidia lifunguliwe kabla tarehe 20 Julai haijapita. Ziandike tarehe zako ukutani kwa kalamu nene, na ujiwekee lengo la kumaliza kila jambo wiki moja kabla.

3. Kusanya ushahidi bila kuvunja sheria. Hapa ndipo wageni wengi hujiumiza. Kumrekodi mtu kwa siri wakati wa mazungumzo ya faragha ni kosa la jinai Ujerumani, chini ya kifungu cha 201 cha sheria ya jinai, na simu uliyoiweka mfukoni ikirekodi inaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Usirekodi. Badala yake piga picha za skrini za ujumbe ulioandikiwa, hifadhi barua pepe, piga picha ratiba za zamu zinazoonyesha kwamba ulianza kupangiwa usiku tu baada ya habari zako kujulikana, na uandike majina ya mashahidi. Usijitumie nyaraka zenye siri za wagonjwa au wateja. Mwajiri atazitumia kukuachisha kwa sababu nyingine.

Huhitaji ushahidi wa asilimia mia. Kifungu cha 22 cha AGG kinasema kwamba ukionyesha dalili zinazofanya ubaguzi uaminike kuwa ulitokea, mzigo unahamia kwa mwajiri, naye ndiye atakayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kauli ya hadharani inaweza kutosha kuwa dalili: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2013, katika shauri lililotoka Romania, na tena mwaka 2020, katika shauri lililotoka Italia, kwamba matamshi ya kutowaajiri wapenzi wa jinsia moja yanaingia katika sheria ya ubaguzi hata kama hakuna mwombaji maalumu aliyekataliwa siku ile.

4. Tafuta ushauri wa bure. Ofisi ya taifa ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle des Bundes, iko Berlin na inatoa ushauri wa kwanza wa kisheria bila malipo. Inaweza pia kumwandikia mwajiri na kutafuta suluhu, lakini haiwezi kukushtakia, na kuiandikia hakusimamishi muda wako. Rudia kusoma maneno hayo ya mwisho: muda unaendelea kukatika wakati unasubiri jibu lao. Miji mingi ina vituo vyake vya ushauri wa ubaguzi, na kuna mashirika ya wapenzi wa jinsia moja yanayojua hali za wahamiaji, kwa mfano LSVD, lililoanzishwa mwaka 1990.

Kwa wakili, mwenye kipato kidogo anaweza kuomba hati ya msaada wa ushauri, Beratungshilfeschein, katika mahakama ya mwanzo ya eneo lake, Amtsgericht. Akiipata, wakili anaweza kumtoza yuro 15 tu kwa ushauri. Hamburg na Bremen zina utaratibu wao wa ushauri wa umma badala ya hati hiyo. Wakili na wafanyakazi wake wanafungwa na wajibu wa kutunza siri, na kuuvunja ni kosa la jinai. Kwake unaweza kusema yote.

5. Peleka malalamiko rasmi kazini. Kila mwajiri anapaswa kuwa na ofisi au mtu wa kupokea malalamiko chini ya kifungu cha 13, na anapaswa kuwaambia wafanyakazi ni nani. Andika kwa Kijerumani, ueleze matukio kwa tarehe, na uanze na sentensi hii: *Hiermit lege ich Beschwerde nach § 13 AGG ein.* Baki na nakala yenye tarehe. Ikiwa kuna baraza la wafanyakazi, Betriebsrat, unaweza kumwomba mjumbe wake aandamane nawe.

Mwajiri akishapokea malalamiko, lazima ayachunguze na kukupa jibu, na lazima achukue hatua za kukulinda: onyo, uhamisho, hata kumwachisha aliyekunyanyasa. Wajibu huo unahusu hata unyanyasaji wa wateja, na kwa muuguzi anayetukanwa na mgonjwa au na jamaa za mgonjwa hili si jambo dogo. Kifungu cha 16 kinamkataza mwajiri kukuadhibu wewe kwa kulalamika, au kumwadhibu shahidi wako.

Sheria, katika kifungu cha 14, inamruhusu mtu anayenyanyaswa kuacha kwenda kazini huku akilipwa mshahara, ikiwa mwajiri hachukui hatua yoyote au anachukua hatua zisizofaa kabisa. Usiitumie haki hii bila wakili. Mahakama ikiona baadaye kwamba masharti hayakutimia, utahesabiwa kuwa mtoro.

6. Andika barua ya madai. Malalamiko ya hatua ya 5 hayachukui nafasi ya barua hii. Ni vitu viwili. Katika barua taja jina lako, matukio, na sentensi hii: *Hiermit mache ich Ansprüche auf Entschädigung und Schadensersatz nach § 15 AGG geltend.* Taja kiasi unachodai na siku ya mwisho ya kulipa. Fidia ya maumivu ya heshima haina kiwango kilichowekwa, isipokuwa kwa mwombaji wa kazi ambaye asingeajiriwa hata bila ubaguzi: kwake haizidi mishahara ya miezi 3. Ikiwa ulibaguliwa pia kwa sababu ya rangi yako au asili yako, sema hivyo katika barua hiyohiyo, kwa kuwa mambo haya mawili mara nyingi hutembea pamoja na sheria inayatambua yote.

Tia saini kwa kalamu. Ujumbe wa simu usiutegemee. Njia salama ni kumtuma mtu aliyeisoma barua kabla haijafungwa, aiweke mwenyewe katika sanduku la barua la mwajiri, kisha aandike siku na saa. Mtu huyo ndiye atakayekuwa shahidi wako.

7. Fungua shauri. Mahakama ya Kazi ni rahisi kuingia kuliko watu wanavyofikiri. Katika ngazi ya kwanza si lazima uwe na wakili. Kila mahakama ina dawati la kupokea mashauri, Rechtsantragstelle, ambako ofisa ataandika shauri lako unapomweleza. Mashauri yanaandikwa kwa Kijerumani, kwa hiyo nenda na mtu wa kukutafsiria. Hulipi ada kabla. Tena, katika ngazi hiyo kila upande hubeba gharama za wakili wake hata ukishinda au ukishindwa, na hivyo hutaletewa ankara ya mawakili wa kampuni kubwa. Ukitaka wakili na huna uwezo, omba msaada wa gharama za mahakama, Prozesskostenhilfe, mapema.

Ukifungua shauri la kupinga kuachishwa ndani ya wiki 3, usidhani fidia ya AGG imejiingiza humo yenyewe. Idai kwa jina.

8. Jiandae kwa kikao cha suluhu. Shauri huanza na kikao kifupi mbele ya hakimu mmoja, Güteverhandlung, ambapo hakimu hutafuta mapatano. Mashauri mengi humalizikia hapo kwa malipo na barua nzuri ya utumishi. Amua kabla ya kwenda ni kiasi gani utakubali na ni maneno gani unataka yawemo katika barua hiyo. Omba mkalimani mapema kwa maandishi ikiwa Kijerumani chako hakijakomaa, na usione haya kumwambia hakimu kwamba hukuelewa. Ukishatia mkono mapatano, kuyatengua ni vigumu mno.

Vikao ni vya wazi, na majina hubandikwa mlangoni. Kwa mtu ambaye familia yake haijui, hili ni zito kuliko fidia yenyewe. Unaweza kuomba watu wengine watolewe nje wakati mambo ya maisha yako ya faragha yanapozungumzwa. Mwandikie hakimu kabla ya siku ya kikao na ueleze hatari unayoiogopa, ikiwa ni pamoja na sheria za nchi yako ya asili.

Kuhusu kibali cha kuishi

Kulalamika au kushtaki chini ya AGG si sababu ya kunyang'anywa kibali. Kinachoweza kugusa kibali ni kupoteza kazi ambayo kibali kimefungamana nayo. Wenye vibali vya kazi wanapaswa kuiarifu ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, ndani ya wiki 2 tangu wajue kwamba ajira yao imekwisha kabla ya muda. Nenda pia ukajiandikishe ofisi ya ajira kama mtu anayetafuta kazi ndani ya siku 3.

Kwa sababu hiyo, usiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira, na usitie saini mkataba wa kuvunja ajira, Aufhebungsvertrag, siku unapowekewa mezani. Huo ndio mtego ninaouchukia kuliko yote: mtu amenyanyaswa miezi, anaambiwa "saini hapa tuachane kwa amani", anasaini, na kwa saini hiyo anapoteza ulinzi dhidi ya kuachishwa na anaweza kunyimwa posho ya kukosa kazi kwa wiki 12. Sema kwamba unataka kuipeleka karatasi kwa wakili, uichukue, uondoke. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku hiyo.

Ukinyimwa nyumba

AGG inahusu nyumba pia, lakini ulinzi wake huko ni mwembamba, na ni haki usijidanganye. Kwa mwelekeo wa kijinsia, kwa kawaida unahusu mwenye nyumba anayepangisha zaidi ya nyumba 50, na hauhusu kabisa anayekupangisha mahali anapoishi yeye mwenyewe au jamaa zake. Kampuni kubwa za nyumba zinaingia. Bibi kizee anayetoa chumba kimoja ghorofani kwake haingii.

1. Hifadhi tangazo la nyumba na mawasiliano yote.
2. Ikiwa umeambiwa nyumba imechukuliwa na tangazo bado lipo, waombe marafiki wawili, mwanamume na mwanamke wenye kipato kinachofanana na chenu, waombe nyumba hiyohiyo, na waandike walichojibiwa na siku waliyojibiwa. Jaribio la aina hii linaweza kutumika kama dalili.
3. Peleka dai la maandishi ndani ya miezi 2. Muda ni uleule kama wa kazini.
4. Mwone mshauri kabla ya kwenda mahakamani, kwa kuwa katika mahakama za kawaida anayeshindwa hulipa gharama za wakili wa upande wa pili.

Matusi, vitisho na vipigo

Ukishambuliwa, piga 110. Ukiumizwa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na uombe majeraha yaandikwe na kupigwa picha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 sheria ya jinai inataja waziwazi kwamba chuki dhidi ya mwelekeo wa kijinsia wa mtu ni jambo la kuzingatiwa katika kupanga adhabu. Kwa hiyo mwambie askari maneno aliyoyatamka mshambuliaji na umtake ayaandike. Akiandika "ugomvi wa mtaani" tu, sababu ya chuki imezikwa. Kwa matusi, ombi rasmi la kumshtaki mkosaji, Strafantrag, lazima litolewe ndani ya miezi 3 tangu ulipojua tendo na mtendaji. Polisi wa Berlin wana maofisa maalumu wa mambo haya tangu 1992, na miji mingine kadhaa imefuata. Unaweza kuomba kuzungumza nao moja kwa moja.

Anayekushambulia akiwa mtu wa nyumbani kwenu, anayekutishia kwamba atawaambia wazazi wako au atakupeleka kwa nguvu kwenye "matibabu", sheria haimwachi kwa sababu eti ni mambo ya familia. Tangu Juni 2020 ni marufuku kumfanyia mtoto aliye chini ya miaka 18, au mtu mzima aliyedanganywa au kulazimishwa, tiba za kujaribu kumbadilisha mwelekeo wake.

Mambo yakikwama

*Niko katika muda wa majaribio.* Katika miezi 6 ya kwanza mwajiri hahitaji kueleza sababu ya kukuachisha, lakini sababu ya kibaguzi bado ni haramu. Mahakama Kuu ya Kazi iliamua tangu 1994 kwamba kumwachisha mtu katika muda wa majaribio kwa sababu tu ni mpenzi wa jinsia moja ni batili. Wiki 3 zinakuhusu vilevile.

*Niko kwenye Ausbildung.* Baadhi ya taaluma zina kamati ya usuluhishi inayopaswa kupitiwa kabla ya mahakama. Uliza siku ya kwanza kama yako inayo, na mara nyingi chemba ya taaluma ndiyo inayojua.

*Mwajiri wangu ni shirika la kanisa.* AGG inayapa mashirika ya dini nafasi fulani katika kifungu cha 9, na kwa miaka mingi wafanyakazi wa hospitali na nyumba za wazee za kanisa waliishi kwa kujificha. Kanisa Katoliki nchini humo lilibadilisha kanuni zake za ajira mnamo Novemba 2022, na sasa zinasema kwamba maisha ya faragha ya mfanyakazi, pamoja na mahusiano yake, hayawezi kuwa sababu ya hatua za kikazi. Ukitishiwa kwa kanuni za zamani, omba uonyeshwe kanuni zinazotumika leo.

*Aliyenibagua ni shule, polisi au ofisi ya serikali.* Matendo ya mamlaka ya umma kwa sehemu kubwa hayamo katika AGG. Berlin ina sheria yake tangu 2020, LADG, inayozigusa ofisi za jimbo hilo na kukupa mwaka 1 wa kudai. Kwingineko anza na malalamiko ya maandishi kwa mkuu wa ofisi na kituo cha ushauri cha mji wako.

*Mashahidi wamekataa kusema.* Daftari lako sasa lina thamani zaidi. Liweke pamoja na ratiba za zamu na ujumbe ulioandikwa, kisha umpe mshauri ayapange. Shahidi anayeogopa aelezwe kwamba kifungu cha 16 kinamlinda na yeye.

*Muda wa miezi 2 umepita.* Usiitupe kesi kabla ya kumwona wakili. Unyanyasaji ukiwa bado unaendelea, muda unaweza kuhesabiwa tangu tendo la mwisho, na kuna madai mengine nje ya AGG yasiyofungwa na miezi hiyo 2. Aliyekosa wiki 3 za kupinga kuachishwa kwa sababu ambayo hakuweza kuizuia, kwa mfano alikuwa mahututi hospitalini, anaweza kuiomba mahakama ipokee shauri lake kwa kuchelewa. Ombi hilo nalo lina muda wake, wiki 2 tangu kizuizi kilipoondoka, na liende pamoja na shauri lenyewe na ushahidi wa kilichomzuia.